Maswali kwa Daktari wa Wanyama: Saa ya Nusukaputi

Katika toleo lililopita tuliandika juu ya kuhasi na kufunga kizazi, nasi tulitarajia kuulizwa juu ya vidonda na nyuzi. Badala yake, barua nyingi zilizotufikia hapa Lamu zimekiacha kisu zikaushika usingizi wa dawa, yaani nusukaputi: wenye wanyama hawaogopi kupasuliwa kwa mnyama kama wanavyoogopa kulazwa kwake. Hofu hiyo ina msingi, ila mara nyingi huelekezwa kwenye chupa ya dawa, na chupa ndiyo yenye makosa machache kuliko wote waliopo. Nimechagua barua tano. Majina ya waandishi yamefichwa kwa kutaka kwao.

SWALI: Assalaam alaikum, daktari. Mimi ni mwenye punda hapa Matondoni, nachukuza mawe na mchanga wa ujenzi. Mwaka jana punda wangu dume alihasiwa chini ya mwembe na mtu tuliyemwita kutoka mbali. Alidungwa, akalala, na kabla korodani ya pili haijatolewa akainua kichwa na kuanza kupiga mateke. Tulimkalia watu wanne. Wenzangu wanasema dawa ilikuwa imepitwa na wakati. Sasa nina dume mwingine, mkorofi zaidi, nami nasita. Je, punda ni mgumu wa dawa, au tulidanganywa?

JIBU: Waalaikumussalaam, ndugu yangu. Yamkini hukudanganywa, na dawa huenda ilikuwa nzima kabisa. Punda si farasi mdogo, ingawa vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa ajili ya farasi na vipimo vyake vikahamishiwa kwa punda bila yeye kuulizwa. Ketamini, ambayo ndiyo dawa inayotumika sana kuwalaza wanyama hawa nje ya chumba cha upasuaji, huvunjwa na mwili wa punda upesi kuliko inavyovunjwa na mwili wa farasi. Usingizi wa zailazini, ambayo ni dawa ya kutuliza, pamoja na ketamini, ambao kwa farasi humpa daktari takriban robo saa ya kazi, kwa punda unaweza kumtupa njiani mapema zaidi. Daktari aliyewazoea punda hulijua hilo. Huongeza dawa ya kulegeza misuli kama diazepamu, hudunga ganzi ndani ya korodani kabla ya kukata, na huweka kanula, yaani mrija mwembamba unaoachwa ndani ya mshipa wa shingo, ili dozi ya nyongeza ikihitajika ipite katika mlango ulio wazi tayari. Kumtafuta mshipa punda aliyekwisha kuanza kupiga mateke ni kazi ya kuvunjika mikono, hasa kwa kuwa ngozi na msuli wa shingo yake ni mnene kuliko wa farasi.

Lakini naomba tuirudie siku ile ya mwembe, kwa sababu nashuku mambo mawili mengine. La kwanza ni haraka. Zailazini hutangulia, kisha watu hungoja kama dakika tano hadi kichwa cha punda kining'inie usawa wa magoti na mdomo wa chini ulegee. Hapo ndipo ketamini hufuata. Punda akipewa ketamini hali bado ana wasiwasi, na vijana wamemzunguka wakicheka na kupiga makelele, atalala usingizi wa mang'amung'amu na kuamka nao. Tena punda ni msiri. Farasi mwenye hofu hurukaruka, lakini punda mwenye hofu husimama kimya kama gogo, na mgeni akadhani dawa imekwisha kumshika.

La pili ni uzito. Wengi hukisia kwa jicho, na jicho humpunja punda mnene na kumzidishia aliyekonda. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, uandike sentimita ulizopata na umkabidhi daktari kabla hajafungua mkoba. Kuna majedwali ya punda yanayogeuza kipimo hicho kuwa kilo, na daktari akikuuliza karatasi hiyo ya nini, basi umekwisha kumjua.

Kwa huyo dume wa pili, tayarisha mahali pa mchanga laini wenye kivuli, mbali na mawe na mbali na ukingo wa maji, kwa maana punda aliyelewa dawa akielekea baharini wakati maji yanajaa hamtamzuia. Asipewe nafaka asubuhi hiyo, maji anywe. Akishalala, mvue hatamu, kwa sababu kishikizo kinachomkandamiza shavuni kwa nusu saa kinaweza kuuharibu mshipa wa fahamu wa uso na kumwacha na mdomo uliopinda. Mguu wa mbele ulio chini uvutwe mbele, ili uzito wa kifua usiulalie. Jicho lipakwe malhamu na kufunikwa kitambaa dhidi ya jua na mchanga. Kazi isivuke saa moja, kwani misuli ya mnyama mzito iliyolaliwa kwa muda mrefu huku shinikizo la damu liko chini hufa yenyewe kwa yenyewe.

Na miongoni mwa wale watu wanne, mmoja asikae juu ya punda. Akae kichwani pake. Aweke vidole chini ya taya, mshipa unapopita juu ya mfupa, na ahesabu: punda mtulivu ana mapigo kati ya 36 na 52 kwa dakika. Atazame mbavu zikipanda na kushuka. Kila baada ya dakika mbili alifunue jicho. Likianza kucheza upesi upande kwa upande, machozi yakatoka, au sikio likafuata sauti, amwambie daktari hapo hapo. Kabla punda wako hajainua kichwa mwaka jana, jicho lilikuwa limekwisha kusema, lakini watu wote walikuwa wakikitazama kisu.

Unauliza kwa chinichini kama anaweza kufa. Anaweza. Utafiti mkubwa wa farasi uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya farasi waliolazwa kwa sababu zisizo za msokoto wa tumbo, takriban 1 katika kila 100 alikufa, na hatari ilikuwa ndogo zaidi kwa waliolazwa kwa sindano peke yake, kama atakavyolazwa huyo wako. Punda ana neema moja juu ya farasi: akizinduka hana pupa. Hulala kifuani, akatafakari, kisha akainuka mara moja akiwa tayari. Asichapwe wala kuvutwa mkia ili ainuke. Kwa ushauri zaidi hapa kisiwani, shirika la The Donkey Sanctuary lina zahanati yake ya punda tangu mwaka 1987, na watu wake wameona punda wengi kuliko nilioona mimi.

SWALI: Daktari, salamu. Mimi ni mama wa nyumbani, Langoni. Paka wangu alipangiwa kufungwa kizazi, tukaambiwa asile tangu usiku. Asubuhi alinililia sana, nikamhurumia nikampa kipande cha samaki. Daktari alipojua alikataa kumpasua, akaniambia turudi keshoye. Nilimwona mkali. Siku ya pili alimpasua, nami nilipokwenda kumchukua nilimkuta paka macho wazi, hapepesi, mwili wa baridi. Nilipiga ukelele nikidhani amekufa. Je, haya ni ya kawaida, na je, kile kipande kidogo cha samaki kilikuwa na kosa gani?

JIBU: Bi mkubwa, daktari huyo alikutendea wema, na alipoteza ujira wa siku kwa kukutendea. Paka aliyelala hana uwezo wa kumeza wala kukohoa. Samaki aliyeko tumboni akirudi kooni, huingia njia ya hewa, na paka akapaliwa bila kujua kwamba amepaliwa. Kinachoshuka mapafuni hapo ni samaki pamoja na asidi ya tumbo, na nimonia yake huja siku ya pili au ya tatu, wakati kila mtu amekwisha kushukuru kwamba upasuaji ulikwenda salama. Kwa paka mzima, saa sita hadi nane bila chakula zinatosha, na maji aachiwe hadi karibu na sindano. Kwa kitoto cha paka mambo hugeuka: asikae na njaa zaidi ya saa tatu au nne, kwa kuwa sukari yake ya mwilini ni kidogo na huisha, naye asiyeachishwa ziwa hanyimwi chakula kabisa. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari ni saa ngapi hasa, kwa umri wa paka huyu hasa.

Macho wazi ni ya kawaida kwa aliyepewa ketamini. Dawa hii humtenga mnyama na maumivu na fahamu, lakini haimfumbi macho. Hatari yake ni ndogo na ina dawa ndogo: jicho lisilopepesa hukauka na kuchubuka, ndiyo sababu likapakwa malhamu. Ile baridi uliyoigusa ndiyo iliyonishughulisha zaidi nilipoisoma barua yako.

Mwili wa paka una joto la nyuzi 38 hadi 39 hivi. Anyolewe tumbo, apakwe spiriti, afunguliwe, alale juu ya meza ya chuma, na hata hapa kwetu ambapo sisi wenyewe tunatokwa na jasho, joto lake hushuka. Paka baridi huzinduka polepole, kwa sababu ini lake huivunja dawa polepole, na moyo wake hudorora. Ulipaswa kumkuta amefunikwa. Nyumbani, jaza chupa maji ya uvuguvugu, izungushie kanga mara mbili, na umwekee ubavuni. Usimwekee chupa ya moto kwenye ngozi tupu: paka mwenye usingizi haisikii, haondoki, na nimewaona wawili waliopona kidonda cha tumbo wakauguza cha ubavuni.

Nitakutajia hesabu moja. Mwaka 2008 ulichapishwa huko Uingereza utafiti wa paka wapatao 79,000 na mbwa wapatao 98,000 waliotiwa usingizi katika zahanati za kawaida. Paka waliokufa kwa sababu ya nusukaputi au kwa kuchangiwa nayo walikuwa takriban 1 katika 420, wengi wao wakiwa wagonjwa tangu mwanzo; kwa paka wenye afya ilikuwa takriban 1 katika 900. Miongoni mwa paka waliokufa, zaidi ya nusu walikufa baada ya upasuaji kwisha, na wengi katika hao ndani ya saa tatu za mwanzo. Yaani pale ambapo kidonda kimeshonwa, meza imefutwa, na watu wamekwenda kunywa chai. Kwa hiyo usione uzito kukaa zahanatini hadi paka aweze kuinua kichwa na kukutazama unapomwita. Ukimfikisha nyumbani, mlaze sakafuni katika chumba kimoja chenye mlango, wala si kidakani au juu ya kabati alipozoea, maana ataruka kwa mazoea na miguu itamkana. Chakula kidogo apewe jioni, akishatembea bila kuyumba.

SWALI: Daktari, niko katika mafunzo ya vitendo kwenye zahanati ndogo ya wanyama hapa Malindi. Kazi yangu siku za upasuaji ni kukaa na mgonjwa. Tuna stethoskopu, kipimajoto, na oksimita, yaani kipima oksijeni ya damu, moja ya kidoleni, ya binadamu. Mkubwa wangu huniambia "mwangalie," lakini hajaniambia niangalie nini. Naomba mwongozo, na je, bila mashine kubwa kazi hii ina maana?

JIBU: Mwanangu, "mwangalie" si agizo, ni matumaini. Anza na karatasi. Ichore mistari, kila mstari dakika tano, na safu za pumzi, mapigo, rangi ya ufizi, jicho, na joto. Juu kabisa andika uzito wa mnyama na, kabla hajadungwa, kiasi cha kila dawa ya dharura kwa uzito huo, katika mililita. Moyo ukisimama hakuna anayejua kugawanya. Karatasi ina faida nyingine ambayo wanafunzi huidharau: tarakimu moja haisemi kitu, bali mwendo wa tarakimu husema. Paka mwenye mapigo 120 anaweza kuwa salama. Paka aliyekuwa na 170, akawa 150, kisha 135, kisha 120 ndani ya dakika ishirini anakwenda mahali, nawe mwambie mpasuaji kabla hajafika.

Pumzi kwanza. Usitazame mfuko wa shuka unaoinuka, kwani mkono wa mpasuaji nao huuinua. Tazama unyevu unaoingia na kutoka ndani ya mrija wa hewa, au shika unyuzi wa pamba mbele ya tundu la pua uone kama unacheza. Kisha mapigo, kwa kidole ndani ya paja, huku stethoskopu ikiwa kifuani. Hivi viwili vifanywe pamoja angalau mara moja moja, kwa sababu moyo unaweza kusikika ukigonga hali damu haifiki pajani. Ufizi uwe na rangi ya waridi. Ubonyeze kwa kidole, uachie, na rangi irudi kabla ya sekunde mbili. Weupe, kijivu na zambarau kila kimoja kina habari yake, na zote tatu huambiwa mpasuaji kwa sauti.

Kuhusu kina cha usingizi, gusa kona ya jicho uone kama kope linapepesa, na ulifungue taya uone limelegea kiasi gani. Kwa mbwa na paka waliolazwa kwa aisoflureni, yaani gesi ya usingizi, mboni huzungukia chini kuelekea puani usingizi unapofika kiwango cha kupasuliwa, kisha hurudi katikati ama kwa kuzinduka ama kwa kuzama mno. Unavitenganisha kwa kope na taya: anayezinduka hupepesa na taya lina nguvu, aliyezama ni mlegevu na mboni imepanuka. Kwa aliyelazwa kwa ketamini sahau kanuni hiyo, kwa sababu jicho lake hukaa katikati na kope hupepesa hata akiwa amelala barabara.

Sasa hiyo oksimita. Usiidharau, na usiiamini bila shahidi. Chombo hiki kinatokana na wazo la Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, la mwaka 1974: damu yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya mwanga kwa namna tofauti, na ukitafuta sehemu ile tu inayopwita unaipata damu ya mshipa wa ateri. Kibanio kiwekwe ulimini, ulimi ulowanishwe, na kifunikwe kitambaa kisipate taa ya upasuaji wala jua la dirishani. Usomaji mzuri ni asilimia 95 na zaidi. Chini ya 90 ni hatari ya sasa hivi. Lakini kwanza linganisha mapigo inayoyaonyesha na yale unayoyahesabu kwa kidole. Kidole kikisema 140 na mashine ikasema 62, basi hata ile asilimia 98 inayojivunia ni ya kubahatisha. Mashine nyingi za kidoleni hazikuundwa kwa mapigo ya paka wala kwa ulimi mwembamba kama jani. Zailazini nayo hubana mishipa midogo na kuifanya isome chini. Kubwa kuliko hayo, mnyama anayevuta oksijeni safi anaweza kuacha kupumua na mashine ikaendelea kusoma vizuri kwa muda, kwani akiba ipo. Chombo kinachowahi kusema ni kapnografu, kinachopima hewa ukaa inayotoka kwa kila pumzi, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Mkubwa wako akija kupata fedha ya chombo kimoja, mnong'oneze hicho.

Unauliza kama kazi hii ina maana bila mashine. Mwaka 1814, huko London, mwanaasili Charles Waterton na wenziwe walimpa punda jike sumu ya mishale kutoka Guiana, iitwayo kurare, ambayo hulegeza misuli yote, ya kupumulia ikiwamo. Punda alianguka kama maiti. Wakamtoboa koromeo, wakatia mrija, wakampulizia hewa kwa mivukuto kama ya mhunzi kwa muda wa saa nyingi, wakisimama punda anazama, wakiendelea anarejea, mpaka sumu ikamtoka akasimama. Aliishi hadi 1839. Jaribio lenyewe lilikuwa la kikatili, kwa maana kurare hulegeza bila kulaza, na leo hairuhusiki kumfungia mnyama misuli pasipo kumpa usingizi. Hata hivyo punda yule alivushwa na mivukuto na watu wasioondoka, miaka 160 kabla ya oksimita.

Pumzi zikisimama, sema kwa sauti, funga gesi ya usingizi, hakikisha mrija haukuzibwa wala kupindika, kisha bana mfuko wa hewa mara 10 kwa dakika. Mfundi mgeni hubana 30 kwa hofu na kuurudisha moyo nyuma. Mapigo yakiwa hayapo, mgonjwa alale ubavu, kifua kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, na wakandamizaji wabadilishane kila dakika mbili. Zoezeni kwa mwanasesere wa nguo siku isiyo na wagonjwa.

Karatasi yako isiishie kwenye uzi wa mwisho. Mbwa mwondolee mrija anapomeza. Paka mwondolee mapema kidogo, sikio au kope linapoanza kuitika, kwa kuwa koromeo lake hubana upesi likichokozwa. Kisha endelea kuandika kila dakika tano hadi alale kifuani mwenyewe.

SWALI: Daktari, mimi ni mfugaji wa Mokowe. Mbuzi wangu alikuwa na jeraha baya la mguu. Mtu anayejiita daktari alimdunga dawa ileile aliyokuwa ametoka kumdungia punda wa jirani, akasema dawa ni moja. Mbuzi alilala, tumbo likavimba, povu likamtoka, akafa kabla ya kuzinduka. Nani mwenye kosa?

JIBU: Pole sana. Dawa ni moja kweli, mnyama ndiye si mmoja. Wanyama wanaocheua ni wepesi mno wa zailazini: kwa kila kilo ya uzito, mbuzi huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya ile inayomtosha punda au farasi. Tena dawa hiyo huuzwa kwa nguvu mbili, miligramu 20 na miligramu 100 kwa kila mililita, katika chupa ambazo mtu mwenye haraka anaweza kuzichanganya. Fikiria makosa hayo mawili yakimwangukia mbuzi mmoja wa kilo 25.

Lile tumbo nalo lina maelezo yake. Mbuzi mzima hutengeneza gesi bila kukoma na huitoa kwa kubeua. Akilala chali au ubavu chini ya dawa habeui, gesi hukusanyika, tumbo husukuma mapafu, na majimaji ya tumboni hupanda kooni pamoja na mate ambayo hayakomi hata akiwa amelala. Kwa ajili hiyo mbuzi mzima hunyimwa chakula saa 12 hadi 24 kabla, hulazwa kifuani kila inapowezekana, na shingo yake hutiwa mto ili koo liwe juu na mdomo uwe chini, mate yatiririke nje. Mimi mwenyewe kwa mbuzi huchagua ganzi kwanza. Jeraha la mguu, na hata upasuaji wa kutoa mtoto, hufanyika akiwa macho, ametulizwa kidogo na kushikwa na mtu anayemjua. Nayo ganzi ina mpaka: lignokeini, ambayo ndiyo dawa ya ganzi, ikizidi humtia mbuzi degedege, na kwa kitoto cha siku chache kinachochomwa vichipukizi vya pembe kuzidi ni kitu chepesi kabisa, hivyo huipunguza kwa maji safi ya sindano.

Kuhusu kosa ni la nani, siwezi kumhukumu mtu nisiyemsikia. Ila katika Kenya, tangu sheria ya mwaka 2011, madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wote husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kila mmoja ana namba na mipaka ya kazi yake. Unayo haki ya kuiuliza namba hiyo kabla ya sindano, na asiyekuwa nayo usimpe kamba ya mbuzi. Malalamiko hupelekwa kwa Bodi hiyo, nayo yatasikika zaidi ukiwa na jina la dawa, kiasi, na saa. Chupa tupu ikiwa bado ipo, itunze.

SWALI: Mbuzi akitiwa nusukaputi kisha asipone, je, tunaweza kumwahi kwa kisu tukamla?

JIBU: Hapana. Dawa iliyomlaza bado imo nyamani na iniini, na kuchemsha hakuiondoi kwa kutegemeka. Daktari anayelaza mnyama wa kuliwa hana budi kukuandikia siku za kungoja kabla ya kumchinja au kumkama, na siku hizo hutofautiana kwa dawa. Akitia mchanganyiko, hushikwa ile yenye siku nyingi. Asipoandika, mwombe aandike kabla hajafunga mkoba wake. Mbuzi akifia mezani azikwe kwenda chini vya kutosha, mbali na kisima, na mbwa na paka wasimfikie, kwa maana wao nao watailala dawa hiyohiyo.